Bukari Isiyopita Ngumi

Lubumbashi, mwanzo wa mvua. Huu ni mwaka wa arobaini na sita tangu tulipoikimbia Kilwa yetu ya ziwani.

Kwako Yaya, dada yangu mkubwa uliyerudi ziwani,

Mwaka jana ulipokuja kunitembelea ulinipikia bukari, ugali wetu wa muhogo, na samaki mkavu wa kwetu. Nilimega kidogo, nikanawa mikono. "Minashiba, yaya." Uliitazama sahani, kisha ukanitazama mimi.

"Bukari iko na sumu?"

Ukamega upande wangu, ukatafuna na kumeza polepole ili nione.

Nilikueleza kwamba ini langu limejaa mafuta kwa sababu ya unene, na mshauri wa lishe huku mjini amenitaka nipunguze chakula. Ukacheka. "Maini inaota mafuta namna gani, na wewe haukunywake pombe?"

Swali hilo nililiuliza kabla yako. Nilimshuku yule binti mshauri. Alinihoji kuhusu bia, halafu soda, halafu sukari ya chai, kama askari anayesubiri mtu ajikanganye. Nami sikuumwa popote. Akasema ini la namna hiyo huweza kukaa kimya miaka mingi. Akanikunja vidole vya mkono: "Bukari isipite iyi ngumi yako, papa. Nusu ya sahani, matembele." Sikumwamini, ila nilifuata kwa woga. Sasa suruali zinanidondoka, na majirani wananiangalia kama mtu anayeficha ugonjwa.

Unakumbuka Kasomeno, tukiwa njiani kukimbilia huku? Kilibaki kipande kimoja cha bukari. Ulinisukumia ukasema, "Minashiba." Nilijua si kweli, nikala chote. Basi uliposikia neno lilelile kinywani mwangu, ungeliamini vipi?

Sasa umenitumia ujumbe: nije Kilwa nile kwako mbele ya ndugu wote, shaka ya sumu iishe. Yaya, najijua. Nikikaa mbele ya sahani yako nitakula mpaka uridhike, na kesho yake vilevile, na ini langu halitasema neno. Kimya hicho nakishuku kuliko ninavyomshuku yule binti, na kuliko wewe unavyonishuku mimi.

Njoo wewe. Umege wa kwanza ukitaka, nami nitamega kiasi cha ngumi yangu, kisha ninawe. Kilwa sitarudi.

Mdogo wako