Darubini ya Baba Mkwe

Wewe, uko hewani? Niko chooni dukani, nimejifungia. Soma haraka.

Baba mkwe kaniomba nimsindikize kuchagua darubini ya jicho moja, ya kunyemelea swala na kutazama wanyama. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniomba hata maji. Nikasema leo ndiyo leo.

Duka linatazamana na uzio wa hifadhi. Swala wako palepale wanakula nyasi, hatua ishirini tu. Muuzaji akampa darubini ya kwanza, mzee akaiweka jichoni kinyume.

Kinyume. Kioo kikubwa ndicho kilicho jichoni.

Nikamkonyeza muuzaji aseme yeye. Akaninong'oneza, "Huyu alinifundisha fizikia. Mimi siwezi."

Amejaribu saba. Zote kinyume. Anatafuta inayowafanya swala wadogo zaidi. Eti, "Nikiwaona wako mbali hivi, na wao hawanioni." Fizikia, ndugu yangu. Kaifundisha miaka thelathini.

Mwisho akachagua ile ghali kuliko zote, inayokuza mara kumi na mbili. Muuzaji jasho linamtiririka. Mzee akanigeukia, "Mwanangu, hebu tazama, uniambie ukweli."

Ukweli, kasema.

Nikaipokea vilevile alivyoishika. Swala wakawa kama sisimizi.

Nikasema, "Baba, wako mbali mno."

Akanikumbatia. Yule mzee, akanikumbatia mbele ya watu. Kisha akamwambia muuzaji afunge mbili, moja yangu. Jumamosi tunaingia porini, na mimi ndiye nitakayetangulia.