Shimo la Kumi na Nne

Dada Paskalina,

Hili sijamwambia mtu mwingine: nimeandika uongo kwenye ramani ya udongo. Huku mlimani kwenye machimbo tunatoboa mashimo, nami naandika kilichotoka. La kumi na nne lilitoa udongo mweupe laini, ule hasa wenye machimbo wanaoutafuta. Bosi alikuwa mbali. Mama mmoja wa Kimaasai akanishika mkono.

"Binti, hapa ng'ombe wetu wanalamba chumvi. Ukiandika, watapachimba."

"Yeyo, mama yangu, mimi karani tu."

"Si karani ndiye anaandika?"

Nikaandika "mwamba". Ukungu ulikuwa mzito. Ng'ombe sikuwaona, nilisikia kengele zao tu.

Nawakumbuka wote nyumbani. Kadi ya salamu zao nimeitia kwenye bahasha. Hili ubaki nalo, hata baba asijue: ataniambia nikaseme ukweli, nami nitaenda.

Mdogo wako,
Rehema