Gamba ya Kakakuona

Lundi 16 juin
Maharagwe imefika toka Mangina, gunia ya juu yote imelowa. Kambale, ndugu yangu mudogo, hajui hata kufunga bâche, turubai ya lori yake. Mimi nikiwa chauffeur nilikuwa nafunga bâche na mukono moja, ingine iko kwa volant. Butembo nzima inajua.
Jioni bageni bakajaa kwangu. Nikatosha mufukoni gamba yangu ya kakakuona, nikabaeleza namna ilinikinga na risasi kule Mabalako. Risasi tano, zote zikaanguka chini kama maharagwe. Mwaka jana nilisema tatu. Batu hapana kumbuka.

Mardi 17
Masika, binti ya Kambale, amerudi toka université. Biologie. Amekonda, mudomo ndiyo imenenepa. Mbele ya bageni: ati gamba yangu ni kucha tu. Ati kucha, nywele, manyoya ya kuku, pembe ya ngombe, yote ni kitu kimoja, inaitwa kératine. Mimi na kuku! Kuku hapana ndevu. Miaka yote kwa banc ya shule juu ya upuzi huu. Mimi niliacha kwa cinquième primaire, mwalimu alikuwa amemaliza vya kunifundisha.

Jeudi 19
Bamepiga risasi magari njiani, kupita Beni. Bachauffeur bote bameegesha. Kambale peke yake anasema ataenda samedi, mais kwanza nimupe gamba. Nimemupa. Batu balikuwa banatuangalia, ningefanya nini? Masika analia jikoni. Machozi ya université.

Vendredi 20
Yule mutoto ameiba gamba kwa mufuko ya baba yake. Akaikwangua, akatia unga yake kwa mbabula ya makaa. Kisha unyoya ya kuku. Kisha nywele yake. Harufu moja. Kambale akacheka, akairudisha mufukoni: «Yaya wangu, baba yako mukubwa, alipona nayo, donc nyamaza.»
Masika akanifuata inje. Akauliza polepole: «Baba mukubwa, risasi zilikuwa ngapi?»
Nikashika njia ya kwangu. Namuchukia. Usingizi hapana.

Samedi 21
Nilifika kwa Kambale mapema, moteri inanguruma tayari. Nikaomba gamba, nikainusa mbele ya bote. Nikasema imekufa. Binti ameitia moto, nguvu imetoka, haiwezi kukinga hata panya. Uongo nauweza kuliko université yote.
Kambale akageukia mutoto wake, akamutukana vibaya. Nikangojea mutoto aniumbue.
«Ni kweli, papa. Niliiharibu.»
Akainamisha kichwa. Kambale akazima moteri.
Angalau siku moja yule mutoto ameonyesha akili.

Dimanche 22
Misa. Kambale hakunisalimia. Hakumusalimia binti yake pia. Lori iko pale pale, kuku wanalala chini yake.
Mchana nilikata kucha za miguu. Moja nikaitupa kwa mbabula, nikanusa. Hakuna mutu aliyeona.
Kuku kabisa.