Kitambaa Kilichoegemea Kushoto

Tarehe 9, mwezi wa pili

Mama mpenzi,

Samahani kwa hilo doa hapo juu. Mjukuu wako Kibonge ametumbukiza kidole kwenye wino sasa hivi, akakilamba, akakunja uso, halafu akakitumbukiza tena kuhakikisha. Ulimi ni wa bluu mpaka kooni. Baba yake anacheka badala ya kunisaidia. Kwa hiyo ujue sisi wazima, tena wazima kupita kiasi. Wewe je? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Usinijibu "hivyo hivyo tu". Nataka jibu la kweli.

Mama, nina neno na sijui nilianzie wapi. Serikali ya huko nyumbani imetuwekea ushuru mpya sisi tuliohamia huku kolonini. Kila kitambaa kinachoshuka melini lazima kigongwe muhuri wao, na muhuri hulipiwa, na wa kulipa ni sisi. Hakuna aliyetuuliza. Hao wakubwa hawajakanyaga huku hata siku moja, wanatuona kwenye ramani tu. Watu wamekasirika. Juzi karani wa mihuri kaamka kakuta mlango wake umepakwa lami. Wanaume wanapiga kelele bandarini. Sisi wanawake wa mtaa tumekubaliana kimya kimya kwamba hatununui kitambaa cha kutoka huko mpaka ushuru uondolewe. Mke wa mwokaji mikate alipita nyumba kwa nyumba na karatasi, nami nikaweka sahihi, mtoto kiunoni, kwa mbwembwe zote. Alipokwisha kutoka ndipo nikakumbuka ni nani anayekifuma kitambaa hicho.

Nilikaa chini nikalia. Sahihi siwezi kuifuta, na kusema kweli sitaki, maana wametuonea. Lakini wewe hukutuonea.

Kuna jingine, na hili ni la aibu zaidi. Nguo zinachakaa, na huku hakuna anayejua kufuma. Baba Kibonge ni fundi mapipa, lakini ameunga mtambo wa kufumia, umesimama jikoni kama mgeni asiyejua akae wapi. Wote wananitazama mimi, eti binti wa mfumaji. Mama, nifundishe.

Mwanao akupendaye


Tarehe 21, mwezi wa nne

Mwanangu,

Kifua hivyo hivyo tu, na huo ndio ukweli. Mtoto mpe maziwa, wino utashuka wenyewe.

Barua yako niliwasomea wenzangu kiwandani wakati wa kula. Jirani yangu wa mtambo wa pili akasema, "Dada, huyo binti anakuomba umwazime kisu akukate nacho!" Tukacheka mpaka msimamizi akaja. Alipoondoka hatukucheka tena, maana oda za huko kwenu zimeanza kupungua na kila mtu anaona.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamfikiria mjukuu wangu kavaa viraka, hasira ikakosa pa kukaa.

Sikiliza basi. Nyuzi za urefu zivute mpaka ukizigonga kwa kidole zilie. Pembeni weka nyuzi mbili mbili, pindo lisije likaingia ndani. Uzi ukikatika usifunge fundo kama la kufungia mbuzi, nakujua wewe. Fuma kile kitambaa cha mistari ya mshazari, iliyolala upande, ndicho kinachodumu. Kukanyaga zile mbao za chini ya mtambo sikufundishi. Umeitazama miguu yangu ikikanyaga miaka saba, yako inajua. Nitumie kipande cha ukubwa wa kiganja nikione.

Mama yako


Tarehe 2, mwezi wa saba

Mama kipenzi,

Shikamoo, na pole na hicho kifua kisichosikia. Sisi tuko salama. Kibonge anatembea sasa, yaani anaanguka kwa kwenda mbele.

Kipande hiki hapa. Mke wa mwokaji amesema kinafaa kuchujia maziwa. Nyuzi zinalia, pindo limenyooka, mafundo madogo, jamani nimejitahidi. Lakini mistari inaegemea kushoto! Nimeitoa ile sketi uliyonifumia nikaitazama, yote inaegemea kulia. Nimefumua mara nne. Baba Kibonge kaugeuza mtambo mzima akidhani kosa ni la mbao, sasa hatuwezi kufungua kabati.

Juzi meli imerudishwa huko na marobota yake yote. Watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. Mimi niliyatazama yale marobota yakipungua machoni, nikajua lako limo.

Mama, niambie bila kunificha. Bado una kazi? Ukisema nifute jina langu, kesho asubuhi nitakwenda kwa mke wa mwokaji, anitukane atakavyo, nilifute.

Binti yako


Tarehe 18, mwezi wa tisa

Mwanangu,

Usifute kitu.

Kwanza pokea salamu, nimekosa adabu kuanza hivyo. Kifua leo kimenipa nafuu.

Kosa lako nililijua kabla sijakaa. Utotoni ulikuwa unakaa chini mbele ya mtambo, uso kwa uso nami, na kipande chako cha mkate. Mistari hufuata miguu, na mguu wangu wa kulia kwako ulikuwa upande wa kushoto. Umejifunza kazi nzima kinyumenyume, mama, na mimi mwalimu wako sikukumbuka kukugeuza. Nilicheka, halafu sikucheka. Kitambaa ni kizima. Kiache hivyo hivyo.

Umeuliza kazi. Mitambo mingi imesimama, wangu tangu mwezi wa nane. Msimamizi alisema, "Walaumuni hao waliohamia ng'ambo," na wenzangu wote wakanigeukia mimi. Nikawaambia, "Binti yangu hakugonga muhuri. Twendeni kwa waliougonga." Nilisema tu, nikidhani hakuna atakayenifuata. Wakanifuata! Hata wenye maduka wamekuja, na viatu vyao vizuri.

Wakubwa walitusikiliza wakiwa wameketi, sisi tumesimama. Nikatoa kipande chako nikakiweka mezani.

"Hiki ni nini?"

"Kitambaa, mheshimiwa. Kimefumwa kolonini na binti yangu, ambaye hajui kufuma."

Wakacheka. Mmoja akakiinua. "Mbona kimekwenda upande?"

"Leo kimekwenda upande. Mwacheni mwaka mmoja na ushuru wenu, atajua. Na siku akijua, hatanunua chetu hata mkimpa bure."

Hapo hawakucheka. Wamesema watafikiri. Kipande wamebaki nacho, wezi wakubwa.

Mama yako


Tarehe 3, mwezi wa kumi na moja

Mwanangu,

Hamjambo? Nambusu Kibonge mashavu yote mawili.

Wameuondoa ushuru. Wenyewe watawatangazia, lakini nataka ulisikie kwangu. Mitambo inalia tena, naisikia nikiwa hapa dirishani. Waliitwa wote majina, mmoja mmoja. Langu halikuitwa. Msimamizi anasema mwanamke anayejibizana na wakubwa hana mahali kiwandani. Wenzangu wananiletea chakula kwa zamu, mmoja ananichekesha, mwingine anapika vibaya.

Sijuti, nawe usijilaumu. Ila asubuhi miguu inaamka na haina pa kukanyaga.

Mama yako


Tarehe 10, mwezi wa kwanza

Mama yangu,

Barua zako mbili zimefika kwa meli moja, nami kwa haraka zangu nikafungua ya mwisho kwanza. Shikamoo. Sisi wazima. Nilikuwa nje na wenzangu tunapiga masufuria kushangilia ushuru kuondoka, nikaingia ndani na sufuria mkononi, nikasoma, nikaiweka chini polepole. Nilimsomea mke wa mwokaji. Yule mama asiyenyamaza hata akilala aliiokota sufuria yangu akaitundika ukutani.

Mama, njoo. Usinitajie bahari, na usinitajie kifua, hewa ya huku ni kavu. Mitambo sasa ni kumi na mmoja mtaani na hatuiachi, maana aliyetutoza jana bila kutuuliza anaweza kututoza na kesho. Wafumaji wake wote nimewafundisha mimi, kwa hiyo wote wanafuma upande. Wanasema wanamtaka fundi mwenyewe, si huyu wa kubahatisha. Chumba cha nyuma tumetoa mapipa, jua la asubuhi linaingia mpaka ukutani. Nahodha wa meli hii anatumia mapipa ya Baba Kibonge, ameahidi kukuchukua akirudi tena huku. Usiulize zaidi, wewe panda tu.

Huenda tusijue siku utakayofika, kwa hiyo ukishuka usimngoje mtu. Pita kando ya ghala la chumvi. Usishike njia ya sokoni, ina matope hadi magotini. Utaona ngazi za mawe, panda polepole, pumzika katikati, kuna ukuta mfupi watu hukaa. Ukifika juu

Ngoja, mke wa mwokaji anagonga dirisha. "Mama Kibonge! Mfuko wa barua unafungwa, leta hiyo karatasi kama ilivyo!" Naja! Mama, ukifika juu ni mlango wa tatu, ule wenye