Karanga Nilizompelekea Mzee Maganga

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, inuka ufunge mlango. Mama akiuliza unasoma nini, mwambie ni habari za kwaya. Nakuomba sana, haya yabaki kati yako na mimi. Usimdokezee hata shemeji. Namheshimu na namwamini, lakini akikaa na wenzake kwenye kahawa hawezi kunyamaza, wewe mwenyewe unamjua. Ukimaliza kusoma, tia karatasi hizi kwenye mafiga, usiondoke mpaka ziishe.

Hamjambo hapo Lusu? Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi hii? Watoto wamepona kikohozi? Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu moyo haujatulia tangu soko la tumbaku lililopita, na leo nimeona bora nikueleze wewe kuliko kuendelea kuongea peke yangu kama mtu wa homa.

Unajua kazi yangu kwenye chama cha wakulima huku. Siku ya soko mimi nakaa kwenye mizani. Mkulima analeta marobota yake yaliyofungwa kwenye majafafa, yale magunia ya katani, mimi napima, halafu yanapita kwa mteuzi anayetoka mjini kupanga madaraja. Kabla ya kupima nina desturi ya kulikandamiza kila robota kwa kiganja. Tumbaku iliyolainika vizuri ukiikandamiza inabonyea na kutulia. Iliyokauka mno inakataa mkono, na baadaye inavunjika, na mkulima anapata hasara huko mbele.

Basi lilikuja robota moja la Mzee Maganga. Huyu ndiye mwenye mikokoteni ya ng'ombe na mizinga ya nyuki mingi kuliko wote hapa, mtu wa heshima, msiba wowote hakosi. Nililikandamiza, likanisukuma. Nikakandamiza tena, likainuka kama godoro jipya. Nikadhani ni ukavu tu. Nikamwambia kwa adabu, mbele ya watu, "Mzee, hili bado. Lirudi nyumbani likalainike, ulilete soko lijalo."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakatazamana. Mtu mmoja akakohoa kicheko. Mzee Maganga aliniangalia, kisha akatabasamu, akasema, "Karani wetu amesoma kweli." Akawaita vijana wake wakalirudisha mkokotenini. Mimi, dada, nilijiona nimefanya kazi yangu.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka ofisini nikakuta ndoo ya asali chumbani. Mama Kashindye, mwenye nyumba yangu, alikuwa ameipokea. "Imetoka kwa Mzee Maganga," akasema. "Anasema ahsante kwa ushauri." Nilifurahi. Niliila kwa mihogo na kwa chai, nikampa na Mama Kashindye bakuli zima. Na asali ilipokwisha nikafanya vile mama alivyotulea sote. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Niliosha ndoo, nikaijaza karanga mpya, nikaipeleka mwenyewe kwa mikono miwili.

Mzee Maganga alipoziona zile karanga alicheka mpaka akafuta macho. Akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Basi tumeelewana, mwanangu," akasema. "Wale waliokutangulia walikuwa wagumu kweli kuridhika."

Sikuelewa. Aliyenifumbua macho ni Masele, mtoto wa Mama Kashindye.

Lazima nikueleze kidogo habari za Masele, kwa sababu bila yeye huwezi kuelewa ninachokiogopa. Ni kijana wa rika langu, alikuwa mchomaji hodari wa tumbaku. Unajua kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, moto haulali wiki nzima, ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza. Zamani wachomaji walikaa macho kwa hadithi na kwa ugoro wa bibi zao. Bangi ilikuwepo, nani asiyejua, lakini ilikuwa ya watu wawili watatu waliojulikana kijiji kizima, na mtoto akipita wanaificha. Miaka hii imegeuka. Vijana wa mabani wanaiita "mboga", wanavuta wazi, wanasema bila mboga moto haulindiki. Kutoka kwenye mabani ikaenda uwanja wa mpira, ikaenda kwenye kijiwe cha bodaboda, na sasa binti anayesuka nywele karibu na ofisi yetu anavuta huku anasuka. Na wale waliozoea mboga wakaletewa kitu kingine kutoka mjini, unga kwenye vikaratasi, wanaita kete. Huo hauna utani. Utamwona kijana amesimama barabarani, ameinama taratibu kama anayetafuta sindano, mate yanamtoka, na pikipiki zinampigia honi. Wazazi wanasema amerogwa. Wanampeleka kwa mganga, akirudi anatafuta kete.

Masele alianza na mboga bani, akaishia kwenye kete. Msimu uliopita alisinzia mbele ya moto, bani likaungua lote na mkono wake wa kulia ukaungua nalo. Vidole viwili havikunjuki tena. Mama yake anamlisha na kumfungia ndani, na akiona vyombo vinapungua jikoni anakwenda kununua vingine.

Siku ile niliporudi kutoka kwa Mzee Maganga, Masele alikuwa amekaa kizingitini anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Akaniuliza, "Kaka Shija, umetoka kurudisha ndoo?"

"Ndiyo."

"Tupu?"

"Tupu vipi? Nimetia karanga."

Alicheka, lakini cheko baya. "Karanga! Ninyi wasomi wa Lusu mna adabu kweli. Sikiliza, bwana karani. Hapa kwetu karani akirudisha robota, ndiyo ameomba. Asali ndiyo jibu. Angekuwa hataki angerudisha ndoo siku ile ile, na asali yake ndani. Wewe umekula, umelamba na kidole, halafu umetia karanga. Hiyo ndiyo amina."

"Nimeomba nini? Lilikuwa kavu."

"Lilikuwa mboga," akasema. "Tumbaku ni ngozi tu, juu juu. Ndani ni mboga imeshindiliwa. Nani ataisikia harufu kwenye lori zima la tumbaku? Inakwenda, na lori likirudi, linarudi na kete." Akaunyanyua ule mkono wake. "Unadhani hizi kete zinaota Tabora?"

Dada, nilikaa pale pale kizingitini. Kwa kujua kazi yangu nilikuwa nimeomba rushwa, na kwa malezi mema nilikuwa nimeipokea.

Juzi Mzee Maganga alikuja ofisini mchana, watu wakiwa wamekwenda kula. Alikaa bila kukaribishwa. Aliniambia robota litarudi soko lijalo, limeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye pembe, na mengine mawili pamoja nalo. Mimi nipime tu, nisikandamize. Nilijikaza nikamwambia, "Mzee, mimi sikuelewa. Zile karanga zilikuwa shukrani tu."

"Hata mimi nashukuru," akasema.

"Mzee, nakuomba. Yapitie kwingine."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "Njia hii, mwanangu, imepitisha pembe za ndovu, imepitisha chumvi, imepitisha watu wenye minyororo shingoni. Wenyeji walikuwa wanakaa kimya wanauza mtama kwa wapitaji. Leo wewe na mizani yako ndiye utakayeifunga?" Aliposimama akaongeza, "Kwenu Lusu, sivyo? Mama yako anaumwa mgongo. Asali ni dawa nzuri ya mgongo."

Sijamwambia mtu yeyote huku habari za mgongo wa mama, isipokuwa Mama Kashindye. Simlaumu, mwanamke huyu anaongea na kila anayemsalimia. Lakini tangu siku hiyo kuna pikipiki inasimama mbele ya ofisi asubuhi, na mwendeshaji wake hapakii abiria.

Utaniuliza kwa nini siendi kushtaki. Nilikwenda. Nilifika mpaka uwani kwa mtu ninayepaswa kumwambia, nikamkuta anakula kuku, na aliyekaa naye kwenye mkeka ni Mzee Maganga. Walinikaribisha. Nilinawa, nikala kipande, nikasema nilikuwa napita.

Nimefikiri sana, na hivi ndivyo nilivyoamua. Sheria ya soko inasema robota lenye shaka lipasuliwe hadharani, mbele ya mwenyewe, ya mteuzi na ya wakulima wote. Likija lenye uzi mwekundu nitaweka kiganja, nitasema kwa sauti kwamba nina shaka, na nitaomba kisu. Sitamtaja mtu, sitasema neno "bangi". Jafafa likifunguka kila mmoja ataona kwa macho yake. Ninaogopa, dada. Lakini ninaogopa zaidi kukutwa peke yangu kuliko kuonekana na watu mia. Na kila ninapofikiri kunyamaza, nauona ule mkono wa Masele ukishindwa kushika kijiko.

Barua hii ikikufikia, soko litakuwa limeshapita.

Nisalimie mama bila kumweleza haya. Msalimie baba mdogo anayetulindia ng'ombe, na shangazi wa kisimani, mwambie kitenge chake nimekinunua. Shemeji mpe salamu za kawaida tu.

Sasa jinsi ya kunipata. Simu yangu usiipige wala usitume ujumbe, nimeizima na laini nimeitoa. Jioni ya soko sitarudi chumbani, nitapanda lori la mteuzi mpaka mjini, niende kwa mjomba Yohana, yule aliyejenga jirani na seminari ya Kipalapala. Ukitaka kunijibu, mpe barua mama huyu huyu aliyekuletea hii. Ni fundi cherehani, mwimbaji mwenzako, anaposhika neno halitoki. Juu ya bahasha andika jina la mjomba, langu lisionekane. Ukikaa kimya kirefu bila kusikia kwangu, muulize mjomba, usije kuuliza kwenye chama, na usije huku wewe mwenyewe.

Na mtu akifika hapo nyumbani akasema nimemtuma mimi, mpeni kiti, mpeni maji, msimvunjie heshima. Lakini akiwa na ndoo ya asali, mama asiipokee, hata kwa kuonja. Najua itamuuma, kwa sababu maisha yake yote hajamrudisha mgeni na mzigo wake mkononi. Mwambie tu Shija amesema nyumba yetu siku hizi haili asali.

Mdogo wako,
Shija