Mtungi Mmoja, Mirija Mingi, na Damu ya Wifi Yangu

Mpendwa Mama Evarista, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukitaka kunigombeza nigombeze, ila usichelewe.

Mimi ni mkamwana huku Murukulazo, natunza kompyuta za hospitali moja ya Ngara, mashine nne zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja, na ndizo zinazopeleka majibu ya maabara na ya damu wodini, na zilipofika kila mtu alisema zina nguvu kuliko haja yetu, basi baba mkwe, ambaye ni mwenyekiti wa wakulima wa migomba, akaomba picha za majani ya wanachama wake zichambuliwe humohumo ili ugonjwa wa mnyauko ujulikane mapema, uongozi ukakubali, ukaniachia mimi nipange nani atumie kiasi gani, nami sikupanga chochote, nikafungua kila kitu kwa wote, kwa sababu kwetu pombe ya ndizi ikiwekwa mtungini kila mtu anachomeka mrija wake, na hakuna mkamwana anayempimia baba mkwe.

Sasa mnyauko umeingia mashamba ya Mbuba, picha zinamiminika, zikianza kuchambuliwa zinakula nguvu yote na majibu ya wodini yanasimama. Juzijuzi mama mmoja alivuja damu baada ya kujifungua, muuguzi Felisita akangoja jibu la kundi la damu mbele ya kioo cha kompyuta kilichoganda, mwisho akatupa viatu akakimbilia maabara mwenyewe, mama akapona kwa neema ya Mungu, wote wakasema ni umeme, nami nikanyamaza. Tangu hapo nikisikia kilio upande wa wodi ya wazazi nakimbilia kutazama kama kompyuta imeganda, na chakula hakishuki.

Dawa naijua: nitenge mashine mbili ziwe za wodi peke yake, picha zibaki kwenye mbili nyingine, zingoje foleni. Nilimdokezea baba mkwe, akacheka mbele ya wageni, "Mkamwana, umeanza kunikata mrija? Migomba ikifa watoto watakula nini?" Nikapiga magoti nikaomba radhi. Mama, mimi hata jina lake silitamki, ndiyo heshima yetu, nitamwambiaje kwamba sasa anapimiwa? Na kinachoniua ni hiki: wifi yangu Ildefonsa, binti yake wa pekee, anangoja upasuaji wa uzazi kwenye wodi hiyohiyo, na uzazi wa kwanza alivuja damu nusura afe. Naogopa kusema, naogopa kunyamaza. Nifanye nini?

Josiane, Murukulazo

Marahaba, Josiane.

Barua yako nimeimalizia nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Pole sana, mwanangu. Hofu yako ina sababu, na hata mimi imeniingia.

Lakini hebu nijibu: uliajiriwa kutunza mashine, au kutunza kicheko cha baba mkwe mbele ya wageni? Umepiga magoti kuomba radhi kwa kusema kweli! Na umeme wa watu umeusingizia kwa kunyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kimeshapiga hodi kwa jirani.

Tena habari ya mtungi umeikumbuka nusu. Mimi ni mtu wa Bisibo, ila kwenye sherehe zenu nimekunywa sana tu. Siku ya mahari, mtungi wa wakwe huwekwa wapi? Kando. Hakuna anayechomeka mrija humo hata awe na kiu ya kufa, na sijaona mtu akinuna kwamba amenyimwa. Kumbe kutenga mnakujua tangu zamani, na mnakuita heshima. Mama anayejifungua hastahili mtungi wake?

Sasa sikiliza. Leo hii ingia kwa mganga mkuu, umwambie haikuwa umeme. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza, mwombe idhini, uzitenge mashine za wodi kabla hujatoka kazini. Picha usizifute wala kuzifukuza, maana wakulima nao njaa yao ni ya kweli. Zingoje tu. Jani la mgomba linaweza kungoja hadi kesho, damu haiwezi.

Ukishatenga, narudia, ukishatenga, ndipo uende nyumbani. Usimfuate mzee. Nenda jikoni kwa mama mkwe, umweleze yote, pamoja na mbio za Felisita, kisha umwombe yeye apeleke neno sebuleni. Jina la mumewe hutahitaji kulitamka. Mzee akisusa chakula chako siku mbili, ukile wewe, unakihitaji.

Na mama mkwe asibishane naye habari za mashine. Amwulize swali moja tu: "Ildefonsa akiwa kwenye meza ya upasuaji anavuja damu, jibu lake lingoje majani yako mangapi yapite kwanza?"

Halafu yeye pale sebuleni, wewe jikoni, mumwache baba ajibu.