Kisu cha Mama Mkwe

Athieno mjukuu wangu,

Huku Nagongera tu wazima. Bibi yako anapalilia mihogo na kunikosoa. Umeuliza ubebe kisu gani mlimani, cha kukunja au kisichokunjwa.

Nilipopeleka fahali wa mahari kule Petta, nilikuwa na kisu cha kukunja cha soko la Busia, kinang'aa kama kioo. Kamba ya fahali niliifunga kwenye kifundo cha mkono, ili nitembee mkono mfukoni kama bwana. Penye kinamasi fahali akashtuka, akaniburuta matopeni, bega likataka kung'oka. Nikafungua kisu kwa meno. Nilipokikandamiza kambani, kikajikunja juu ya vidole vyangu.

Mwanamke aliyekuwa akikata mafunjo akaja mbio. Kumbe ni mama wa bibi yako! Nawe wajua, kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe wala hasemi naye. Akageuza uso pembeni, akapapasa kamba, akaikata mara moja kwa kisu kilichofuliwa kwa springi ya lori, chuma kimepita mpinini mpaka mwisho. Kisha akasema na mafunjo: "Enyi mafunjo, mwambieni mtu huyo kisu chake ni cha kumenyea machungwa."

Basi usinunue kitu. Alipofariki aliniachia kile chake, nacho kimo ndani ya kifurushi hiki. Kivae kiunoni, si ndani ya begi. Mimi sikuwahi kumshukuru, ningesemaje naye? Ukikitumia huko mlimani, yaambie majani asante yangu.

Babu yako